Saksafoni ya Laka Inapoanza Kuchakaa: Cha Kufuta, Cha Kuzuia na Cha Kuacha

Saksafoni ikitoka harusini usiku wa Jumamosi, mara nyingi hufungiwa kwenye kasha ingali na joto la mkono. Mpulizaji kachoka, gari linasubiri, mate bado yamo kwenye shingo ya chombo, ule mrija uliopinda wa juu. Jumatatu akifungua kasha anakuta kidoa cha kijani, kidogo kama mbegu ya ufuta, pembeni mwa kile kishikio kinachokaa juu ya kidole gumba cha kulia. Anashtuka. Anatafuta dawa ya kung'arishia shaba, anasugua, na kidoa kinatoka kweli. Wiki mbili baadaye pale aliposugua pamegeuka kahawia, pana ukubwa wa sarafu ya shilingi mia, na saksafoni iliyokuwa na kidoa sasa ina kidonda.

Nimeshika saksafoni nyingi za pwani, za makanisani, za bendi za dansi na za watoto wa shule, na hilo ndilo kosa ninalolikuta kuliko yote. Karibu hakuna saksafoni niliyoona imekufa kwa sababu laka imechubuka. Zinakufa kwa springi zilizoliwa na kutu zikakatika, kwa fito za chuma zilizoganda ndani ya vibonyezo, na kwa mikono yenye nia njema iliyoshika dawa ya kusugulia. Ndiyo maana mwongozo huu unatumia muda mwingi kwenye mambo yasiyong'aa.

Laka ina kazi gani

Mwili wa saksafoni ni shaba ya njano, yaani shaba nyekundu iliyochanganywa na zinki, kwa kawaida takriban sehemu 70 kwa 30. Ukiiacha wazi, shaba hiyo hufubaa yenyewe: kwanza inapoteza mng'ao, kisha inakuwa kahawia, na kwenye unyevu na chumvi inatoa ukijani. Kiwandani huipulizia laka juu, ngozi nyembamba sana inayopitisha mwanga, wakati mwingine haina rangi na wakati mwingine imetiwa udhahabu. Laka inazuia hewa, jasho na unyevu visiiguse shaba. Kazi yake ni hiyo tu.

Adolphe Sax alipopata hataza ya chombo hiki Paris mwaka 1846, hakuna aliyekuwa anafikiria laka hii tunayoijua leo. Hata miaka ya 1920, saksafoni nyingi zilizotengenezwa Marekani zilifunikwa kwa fedha au ziliachwa shaba tupu. Leo Yamaha wana toleo la 82Z lisilo na laka kabisa, na wapo watu wanaolinunua kwa hiari yao ili lifubae mikononi mwao. Nayasema haya kwa ajili ya yule anayelala macho kwa sababu laka imeliwa kwenye mdomo mpana wa chombo, ule tunaouita kengele. Chombo chako hakijapata ugonjwa, kimevuliwa shati tu. Kama pedi, vile vifuniko laini vya matundu, zinafunga vizuri na hewa haivuji, kitaimba kama kilivyoimba jana.

Soma alama kabla ya kushika kitambaa

Toa saksafoni nje asubuhi, kwenye kivuli chenye mwanga mzuri. Jua kali linakudanganya kwa mng'ao. Igeuze polepole, anzia shingoni, na kila alama unayoiona jiulize ni ya aina gani, kwa sababu dawa ya alama moja ni sumu ya nyingine.

Alama ya kwanza ni sehemu zilizolika kwa kuguswa. Utazikuta pale kiganja cha kulia kinapolala, kwenye vibonyezo vya pembeni, mgongoni mwa chombo kinapogusana na paja au tumbo, na kwenye kishikio cha gumba. Shaba pale ni kahawia, laini, mpito wake kutoka penye laka ni wa taratibu. Huo ni umri. Unaweza kuulinda usienee, lakini hauna haja ya kuufuta.

Kama hujui laka imetoka au imefifia tu, sugua pale kwa kidole mara kadhaa kisha unuse kidole. Shaba tupu huacha harufu ile ya sarafu zilizokaa mkononi. Laka haiachi harufu.

Alama ya pili ni mistari myembamba, kama utando wa buibui au mizizi ya nyasi, inayotambaa chini ya laka. Ukipitisha ukucha juu hausikii kitu, kwa sababu mistari imo ndani. Unyevu umeingia kupitia mkwaruzo mdogo na unatembea kati ya laka na shaba. Hakuna kitambaa kitakachoufikia bila kuiondoa laka iliyo juu. Unachoweza ni kuufanya utembee polepole, kwa kuweka chombo kikavu.

Ya tatu ni kijani, na hapa simama kidogo. Kijani cha jasho huja kama chembe au unga juu ya sehemu iliyokwisha kuwa wazi, na huondoka kwa kijiti. Kipo kijani kingine, kinachotokea kama pete kuzunguka vile vinguzo vilivyochomelewa mwilini au kwenye maungio ya kengele. Hicho mara nyingi hutokana na flaksi, dawa ya kulehemu, iliyobaki kwenye kiungo tangu kiwandani au kwa fundi, na asidi yake inachuruzika taratibu. Ukikifuta kitarudi palepale. Kama chombo ni kipya na bado kina dhamana, kipige picha na ukirudishe dukani mapema. Kama ni cha zamani, kiache mpaka siku fundi atakapokivunja chote, kwa sababu kiungo kinatakiwa kuoshwa na asidi ile kuuliwa kwa maji yenye magadi, na huwezi kufanya hivyo pedi zikiwa mahali pake.

Ya nne ndiyo ya kuogopa: madoa ya waridi au wekundu wa shaba nyekundu, hasa yenye duara la weusi pembeni. Pale zinki imetolewa na kutu, imebaki shaba nyekundu yenye vitundu kama sponji. Kwenye mwili wa saksafoni, ambao una nafasi kubwa na hukauka, madoa haya huenda taratibu na mara nyingi hubaki ya juujuu. Shingoni ni habari nyingine. Mate yote hupita pale, na mpulizaji mvivu wa kufuta huyaacha yakae. Vua shingo, mulika tochi upande mmoja, tazama kwa upande mwingine. Ukiona waridi ndani na pia nje mahali palepale, ukuta umeliwa pande zote mbili na ni suala la muda tu kabla haujatoboka. Usiusugue, utaumalizia wewe mwenyewe. Fundi anaweza kuweka kiraka, au utafute shingo nyingine inayoingia.

Kuna pia laka inayobambuka kwa vipande, kama ngozi iliyoungua jua. Hiyo huonekana sana kwenye vyombo vya bei ya chini, kwa sababu shaba haikusafishwa vizuri kabla ya kupuliziwa. Usiivute ukaendelea kuivuta, hata kama mkono unakuwasha. Kata ukingo ulioinuka kwa mkasi mdogo, basi.

Mwisho, kahawia ya kutu ya kweli. Shaba haipati kutu ya chuma. Ukiona rangi ya tofali, imetoka kwenye springi, skrubu au fito za chuma. Nitairudia mbele, maana ndiyo yenye uzito kuliko zote nilizotaja.

Vitu vya kuwa navyo

Vitambaa viwili laini vya pamba au vya maikrofaiba, kimoja cha maji na kimoja kikavu. Pamba za masikio. Vijiti vya meno vya mbao, kamwe si sindano wala pini. Brashi ndogo laini ya rangi, ile ya watoto wa shule. Sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, tone moja kwa bakuli la maji vuguvugu. Kitambaa chenye kamba na kizito cha kuvuta ndani ya mwili, na brashi ya kupinda ya shingo. Oili nyepesi ya vibonyezo, na ukiikosa oili safi ya cherehani inafaa. Nta ya kanauba ya gari isiyo na chembe za kusugulia. Soma kopo vizuri, kwa sababu makopo mengi yanayoitwa nta yana kisugulio ndani. Bisibisi ndogo inayokaa sawasawa kwenye skrubu.

Usafi wenyewe, hatua kwa hatua

Hatua ya kwanza, ondoa vumbi likiwa kavu. Brashi kwanza, kitambaa baadaye. Vumbi letu lina mchanga, na ukianza kufuta kwa kitambaa unakuwa umegeuza kitambaa msasa. Pitisha brashi chini ya vibonyezo, kati ya fito, kuzunguka vinguzo. Elekeza brashi mbali na tundu, vumbi lisiangukie chini ya pedi.

Hatua ya pili, futa kwa kitambaa chenye unyevu. Nasema unyevu, si maji. Kikamue mpaka kisitoe hata tone. Pedi ni ngozi iliyovikwa juu ya felti laini, yaani sufi iliyoshindiliwa, na pedi iliyolowa huvimba, ikikauka hukakamaa na haifungi tena. Futa mwili kwa mapande madogo, na kila ukimaliza pande moja likaushe kabla hujaenda jingine. Chumvi ya jasho inayeyuka kwa maji, kwa hiyo hatua hii peke yake inaondoa sehemu kubwa ya kinachokula laka.

Hatua ya tatu, pembe na mikunjo. Chovya pamba ya masikio kwenye maji ya sabuni, ibonye, kisha zungusha kuzunguka vinguzo na kishikio cha gumba. Fuata na pamba yenye maji matupu, kisha pamba kavu. Sabuni iliyobaki huvuta unyevu.

Hatua ya nne, chembe za kijani. Lainisha kwa pamba yenye unyevu dakika moja, kisha ondoa kwa ncha ya kijiti cha meno ukikilaza, usikisimamishe. Kijani kinatoka kama unga. Chini yake utakuta shaba nyeusi au waridi. Ikaushe kabisa. Usitafute kuifanya ing'ae, kwa sababu kila mzunguko wa kung'arisha unakula ukingo wa laka iliyo salama pembeni, na doa linapanuka. Hili ndilo lililotokea kwa yule wa Jumatatu.

Hatua ya tano, shingo. Toa mdomo wa kupulizia na ridi, kile kijibao chembamba kinachotetemeka mdomoni. Pitisha brashi ya kupinda yenye maji vuguvugu na tone la sabuni, suuza kwa maji kidogo ukishika shingo kizibo kikielekea juu, huku ukizuia maji yasifike kwenye kizibo wala kwenye ile pedi ndogo ya oktava. Kausha ndani kwa kitambaa. Ukifanya hivi kila mwezi, madoa ya waridi ya shingoni hutayajua.

Mdomo wa kupulizia, kama ni wa ebonaiti, uoshe kwa maji ya baridi. Maji ya moto na jua huugeuza kijani na kahawia na kuupa harufu mbaya. Ebonaiti ina salfa, basi uweke kwenye kifuko chake, mbali na sehemu zenye fedha. Mpira wa kufungia noti za pesa nao una salfa. Usiuzungushe kwenye vibonyezo hata kwa usiku mmoja, utaacha mstari mweusi.

Ndimu, ukwaju na Brasso

Nimelelewa kwenye nyumba ambayo sinia na birika za shaba zilisuguliwa kwa ndimu na majivu kabla ya Idi, na ukwaju ukitumika pale ndimu zilipokuwa ghali. Misumari mikubwa ya shaba kwenye milango ya Unguja bado inang'arishwa hivyo, na inapendeza. Kwa hiyo naelewa kabisa kwa nini mkono unakwenda kwenye ndimu. Lakini sinia ni kipande kinene cha shaba tupu unachokitumbukiza kwenye ndoo na kukisuuza mpaka asidi yote itoke. Saksafoni ina mamia ya vipande, ina springi za chuma, ngozi, vizibo na gundi, na hakuna namna ya kuisuuza. Asidi inayobaki chini ya kinguzo inaendelea kula wiki nzima baada ya wewe kuridhika. Juu ya laka nzima ndimu haifanyi lolote la maana, na kwenye ukingo wa laka inaingia chini.

Brasso na dawa za aina yake zina kisugulio na amonia. Kisugulio kinaondoa laka. Amonia ina hatari yake ya peke yake kwa shaba ya njano. Wanajeshi wa Uingereza waliokuwa India waliona maganda ya risasi yakipasuka yenyewe yakiwa yamehifadhiwa mazizini wakati wa mvua, na utafiti uliochapishwa mwaka 1921 ulieleza kwamba mvuke wa amonia kutoka kwenye mkojo wa farasi ndio uliokuwa unaipasua shaba iliyokandamizwa kiwandani. Sisemi saksafoni itapasuka kwa kufutwa mara moja. Nasema hiyo ni shaba ileile, nayo imekunjwa na kugongwa, na sioni sababu ya kuipelekea amonia.

Halafu kuna ule unga mweupe unaobaki. Niliwahi kuvunja saksafoni moja ya alto ambayo mwenyewe aliing'arisha kila Krismasi kwa miaka. Ndani ya mirija ya vibonyezo, mahali fito zinapozunguka, unga wa dawa ulikuwa umechanganyika na oili ukawa udongo wa kijivu, mgumu kama chokaa ya meno. Fito zilikuwa zimelika upande mmoja. Kwa nje chombo kiling'aa kama taa ya msikiti. Kwa ndani kilikuwa kinacheza kama mlango uliolegea bawaba.

Vingine vya kuacha rafuni: WD-40, ambayo hulowesha pedi na kufukuza oili iliyotakiwa kubaki, sprei za samani zenye silikoni, ambazo zitamfanya fundi yeyote ashindwe kushikisha laka mpya siku ukiihitaji, na spiriti karibu na pedi, kwa sababu pedi nyingi hugandishwa kwa shelaki na shelaki inayeyuka kwa spiriti.

Kuilinda shaba iliyokwisha kuwa wazi

Sehemu iliyolika ukiiacha itafubaa sawasawa na kutulia. Wengi tungefanya vizuri kuishia hapo. Lakini pale mkono wenye jasho unapogusa kila siku, na hasa kwako wewe uliye Mombasa, Tanga au Unguja ambako hewa yenyewe ina chumvi, nta inasaidia.

Safisha, kausha, subiri saa moja ili unyevu uliojificha uondoke. Chukua nta kidogo mno kwenye kidole kilichofunikwa kitambaa, kiasi cha punje ya mchele kwa sehemu yenye ukubwa wa kiganja. Paka kwa mizunguko, ukivuka ukingo wa laka kidogo, kwa kuwa ukingo ndipo unyevu unapoingilia. Ikishafanya ukungu, futa kwa kitambaa safi. Usipake kwenye vinguzo wala karibu na fito, nta huganda na kuvuta vumbi. Rudia kila baada ya wiki sita hivi, au maji yanapoacha kujikusanya matone juu yake.

Rangi ya kucha isiyo na rangi, ambayo watu wengi huipenda, mimi siipaki. Inafunga unyevu ndani, inapasuka ukingoni, na baada ya mwaka unakuwa na kiraka cha njano chenye kijani chini yake ambacho huwezi kukitoa bila asetoni, na asetoni itachukua laka ya jirani pamoja nacho.

Zuia kwanza mkono wenyewe. Nawa kabla ya kupuliza na uache mikono ikauke. Dawa ya mbu ya kujipaka yenye DEET inalainisha rangi, plastiki na laka za aina nyingi, na kwa maonyesho ya usiku huku kwetu ndiyo inayopakwa dakika tano kabla ya kupanda jukwaani. Jipake miguuni na shingoni, kisha unawe viganja kwa sabuni. Vua saa, geuza bizimu ya mkanda pembeni. Mikwaruzo mingi ya mgongoni mwa saksafoni ya tena, ile kubwa kuliko alto, ni ya bizimu, na kila mkwaruzo ni mlango wa unyevu.

Springi na fito, mahali penye roho ya chombo

Angalia chini ya kila kibonyezo. Utaona vijisindano vya chuma, vingi vya rangi ya bluu-nyeusi, vinavyosukuma kibonyezo kirudi. Bluu hiyo ni chuma kilichochomwa, si ulinzi wa kutosha dhidi ya upepo wa bahari. Kutu ikishika shina la springi, pale inapoingia kwenye kinguzo, siku moja inakatika katikati ya wimbo, na noti inabaki wazi au imefunga. Hakuna anayekuzomea kwa laka iliyochubuka. Springi ikikatika, kila mtu ukumbini anasikia.

Chovya ncha ya kijiti cha meno kwenye oili, upate tone dogo kuliko kichwa cha kiberiti, uliguse kwenye shina la springi, uliache litambae lenyewe hadi ncha. Futa ziada kwa pamba. Kwa mkazi wa pwani, kila miezi mitatu, na hakika kabla ya masika kuanza mwezi Machi. Springi yenye kutu nyepesi ya juujuu isugue kwa pamba yenye oili. Usitumie msasa, utaifanya nyembamba na kuikata mapema.

Fito za chuma zinazopita ndani ya vibonyezo nazo hutaka tone moja kila kiungo, pale ambapo kibonyezo kinakutana na kinguzo. Fungua na ufunge kibonyezo mara kumi, oili ijipenyeze, kisha futa. Ukiona oili inatoka na rangi ya tofali, kutu imeanza ndani. Hapo ufito inabidi utolewe: mmoja kwa wakati, uufute mpaka kitambaa kitoke safi, uutie oili, uurudishe palepale kabla hujagusa mwingine, kwa kuwa zinafanana lakini hazibadilishani. Bisibisi ikigoma kuzungusha, acha. Skrubu iliyoharibika kichwa humgharimu fundi saa nzima, na wewe unailipia.

Je, ipakwe laka upya?

Swali hili naulizwa kuliko mengine, na mara nyingi jibu langu ni hapana.

Fikiria kazi yenyewe. Chombo kinavunjwa chote: vibonyezo, pedi, springi, vizibo. Laka ya zamani inayeyushwa kwa kemikali. Kisha shaba inasuguliwa kwa mashine mpaka ing'ae, na hapo ndipo hasara ilipo. Gurudumu la mashine halijui nakshi ni nini. Maua yaliyochorwa kwa mkono kwenye kengele yanafifia, kingo za tundu zinaweza kutoka kwenye usawa, shaba inakuwa nyembamba, na pale palipokuwa na wekundu pamekaribia kutoboka. Baada ya hapo ndipo laka inapuliziwa, na pedi zote mpya zinawekwa. Kwa saksafoni ya mwanafunzi, gharama hiyo huweza kuzidi bei ya chombo chenyewe.

Kwa vyombo vya zamani vyenye jina, hasara ni ya pesa pia. Selmer Mark VI, ile ya Ufaransa iliyoanza kuuzwa mwaka 1954, ikiwa na nusu tu ya laka yake ya asili, wanunuzi huipenda kuliko iliyopakwa upya ikang'aa. Ukirithi moja kutoka kwa mzee wa bendi, usiipeleke kung'arishwa kama zawadi ya heshima. Heshima yake ni pedi mpya na oili.

Kupaka upya nakubali kwa chombo ambacho kimekwisha kuvunjwa kwa matengenezo makubwa, chenye viungo vinavyochuruza asidi, na mwenyewe anajua anachopoteza. Hata hapo, mwambie fundi asisugue kwa mashine, asafishe kwa mkono tu, na ukubali kwamba kitatoka na makovu yake.

Na ukienda kununua kilichotumika, fuata kanuni hiyohiyo upande wa pili. Chombo cha miaka 40 kinachong'aa kote, kina nakshi zisizokatika kwa ukali na herufi za namba zilizolainika kana kwamba zimelambwa, kimepitia mashine. Punguza bei. Chenye laka mbaya lakini springi safi, shingo isiyo na waridi ndani na vibonyezo visivyocheza, ndicho cha kuondoka nacho.

Kasha

Kasha ni chumba anacholala mgonjwa, na makasha mengi ni machafu kuliko saksafoni zilizomo. Kitambaa cha kuvutia mate ukikirudisha ndani ya kengele kikiwa kimelowa, umefunga mlango na unyevu ndani. Kiache nje, kwenye mfuko wa pembeni, au kining'inize nyuma ya mlango. Ridi nazo zisilale kwenye mdomo wa kupulizia.

Tia vipakiti vya silika, vile vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, vinne au vitano. Vikishashiba unyevu haviendelei kufanya kazi, basi vibadilishe kila mwanzo wa msimu wa mvua. Usiliache kasha kwenye buti ya gari mchana. Joto la Dar es Salaam ndani ya gari lililofungwa hulainisha gundi ya pedi, pedi zikahama kidogo tu, na asubuhi noti za chini hazitoki na hujui kwa nini.

Mara moja kwa wiki, siku isiyo na mvua, toa saksafoni uilaze kitandani juu ya kanga safi, vibonyezo vikiangalia juu, ndani ya chumba chenye hewa na kisicho na jua. Kasha lipeleke nje, lifungue wazi, likae juani saa mbili, ukilipiga kofi kwa nyuma vumbi litoke. Lisubiri lipoe kabisa kabla ya kumrudisha mwenyewe ndani.